Ibn Hajar na Tauni: Tulichokichukua na Tulichokiacha Wakati wa Korona

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuteremsha maradhi na Mwenye kuteremsha dawa yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wake hadi Siku ya Kiyama.

Ama baad. Katika mwaka 2020 na 2021 Miladia, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, kitabu kimoja cha zamani kilitajwa sana katika baraza za wenye elimu hapa Ujiji. Ni kitabu cha Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani kiitwacho *Badhlul Maun fi Fadhlit Taun*. Kurasa zake chache zilipita katika simu za maimamu kutoka Mwanga hadi Kibirizi, zikiwa zimepigiwa mstari mahali pamoja tu: pale anapokanusha kuwa maradhi huambukiza. Mstari huo ulisomwa mimbarini, ikajengwa juu yake hukumu kwamba barakoa ni udhaifu wa imani, kuachiana nafasi katika safu ni bid'a, na karantini ni kukimbia qadar. Na sisi tulikuwa miongoni mwa waliousoma.

Tangu wakati ule tumerudi tukakisoma kitabu chote, kutoka jalada hadi jalada, katika chapa ya Darul Asima ya Riyadh iliyohakikiwa na Ahmad Isam al-Katib. Makala haya ni tathmini ya kitabu hicho, na pia ni tathmini ya namna tulivyokitumia. Kwa ufupi, tulichukua hukumu ya Ibn Hajar tukaiacha mizani yake.

Mwandishi na kitabu chake

Ibn Hajar (773–852 H) hahitaji kutambulishwa kwa wasomaji wa jarida hili. Ni Mshafii wa Cairo, Kadhi Mkuu wa zama zake, na mwenye *Fathul Bari*. Lakini wengi waliosambaza kurasa zile hawakujua kwamba kitabu hiki kimeandikwa na baba aliyefiwa. Katika tauni ya mwaka 819 H alizika binti zake wawili, Aliya na Fatima. Katika tauni ya mwaka 833 H akamzika binti yake mkubwa, Zayn Khatun, ambaye alikuwa mjamzito. Kitabu alikianza katika msiba wa kwanza na kukimaliza katika ule wa pili.

Amekigawa katika milango mitano: asili ya tauni, maana yake, kuwa kwake ni shahada kwa Muislamu, hukumu ya kuingia na kutoka katika mji uliopatwa, na yale yanayopasa kufanywa ikishatokea. Katika kila mlango anakusanya hadithi, anazipima sanad zake, anaeleza walivyohitilafiana wanazuoni, kisha anapambanua. Mwaka 2023 kitabu kilitoka pia kwa Kiingereza, jambo linaloonyesha kuwa msiba wa korona uliwarudisha hata wasio Waislamu kwenye rafu zetu.

Alipopatia

Nguvu ya kwanza ya kitabu hiki ni mlango wa nne. Hapo kimekusanywa kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh, njiani kuelekea Sham, akapata habari ya waba. Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah, naye akajibu kuwa anatoka katika qadar na kuingia katika qadar nyingine. Kisha Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaleta hadithi ya Mtume (s.a.w.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayokataza kuingia ardhi yenye tauni na kuitoka kwa kuikimbia. Wapo pia waliokufa katika tauni ya Amwas, mwaka 18 H, akiwemo Abu Ubayda mwenyewe na Muadh bin Jabal (r.a.). Na yupo Amr bin al-As (r.a.) aliyewaamuru watu watawanyike milimani, habari ikamfikia Umar asiichukie, kama ilivyopokelewa katika Musnad ya Imam Ahmad.

Nguvu ya pili ni ukweli wa mwandishi katika alichokiona kwa macho yake. Anaeleza kuwa tauni ya mwaka 833 H ilipoanza Cairo, mwishoni mwa Rabiul Akhir, waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika arobaini. Watu wakatangaziwa kufunga siku tatu, kisha wakatoka jangwani kwa mkusanyiko mkubwa, kama wanavyotoka kuomba mvua, wakaomba wakarudi. Mwezi haukwisha ila waliokufa kwa siku walizidi elfu moja. Ibn Hajar hakuificha habari hii kwa kuogopa kuwavunja moyo wenye kuomba. Aliiandika, na akahoji: lau mkusanyiko ule ungekuwa na asili katika sheria, mbona waliotutangulia hawakuufanya katika tauni zilizowapata?

Muulizaji anaweza kuuliza: je, Ibn Hajar anakataza dua? Tunamjibu: hasha. Dua ya mja kwa Mola wake ndiyo silaha ya muumini, na mlango wa tano umejaa nyiradi. Alichokipinga ni namna ile ya kukusanyika. Itakumbukwa kuwa hapa Tanzania zilitangazwa siku tatu za maombi ya kitaifa, tarehe 17 hadi 19 Aprili 2020, na siku ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Misikiti haikufungwa, nasi tunamshukuru Allah kwamba adhana haikunyamaza. Lakini katika kurasa zile zilizosambazwa, ukurasa huu wa Cairo haukuwemo. Aliyezikata aliuona, au hakukisoma kitabu. Na yote mawili ni aibu kwa mwenye elimu.

Pale penye mgogoro

Sasa tuje kwenye mstari wenyewe. Hadithi ya kukanusha adwa, yaani kuambukizana, ni sahihi bila shaka. Lakini katika Bukhari, hadithi hiyo hiyo ndani yake ina amri ya kumkimbia mwenye ukoma kama mtu anavyomkimbia simba. Katika Muslim limo katazo la mwenye ngamia wagonjwa kuwaingiza kwa wazima, na imo habari ya mtu wa Thaqif mwenye ukoma aliyekuja kutoa baia, Mtume (s.a.w.) akamtumia ujumbe kwamba baia yake imekubaliwa na arejee. Wanazuoni walizikusanya hadithi hizi kwa njia mbalimbali. Njia ya Bayhaqi, Ibn Salah na wengi baada yao, nayo ndiyo Imam Nawawi aliyoinasibisha kwa jumhuri, ni kwamba kilichokanushwa ni itikadi ya Jahiliya kuwa maradhi yanajihamisha yenyewe bila ya Allah. Ama kwamba Allah amejaalia kuchanganyika kuwa ni sababu, hilo halikukanushwa.

Ibn Hajar hakuifuata njia hii. Yeye anakanusha adwa moja kwa moja, na amri ya kumkimbia mwenye ukoma anaichukulia kuwa ni kuziba mlango, ili mtu asije akapatwa kwa qadar akadhani ameambukizwa, akaharibikiwa itikadi. Basi tujue kwanza kwamba aliyesoma mstari ule mimbarini kana kwamba ndiyo kauli ya Ahlus Sunna wote alisoma kauli ya mmoja, ingawa ni mmoja mkubwa.

Na mjadala wenyewe umo ndani ya kitabu! Ibn Hajar anainukuu rai ya Tajuddin as-Subki (aliyefariki 771 H) kwamba wakishuhudia matabibu wawili Waislamu, waadilifu na wajuzi, kuwa kuchanganyika na mgonjwa ni sababu ya madhara, basi kujitenga naye kunajuzu au ni zaidi ya kujuzu. Kisha Ibn Hajar anaijibu. Jibu lake ndilo kiini cha makala haya, kwa hiyo tunamuomba msomaji alitazame vizuri. Hakujibu kwa aya wala kwa hadithi. Amesema kwamba ushahidi kama huo haukubaliwi kwa sababu hisia zinaukadhibisha: tauni zimerudiarudia Misri na Sham, nyumba ni chache zilizosalimika, na ndani ya kila nyumba wapo ndugu waliomuuguza mgonjwa usiku na mchana, na wengi wao hawakuugua.

Tunasema: alichokiona Ibn Hajar ni kweli. Mwaka 1894 huko Hong Kong, Alexandre Yersin alikitambua kijidudu cha tauni, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha kuwa viroboto wa panya ndio wanaokibeba. Tauni ya mitoki, iliyo nyingi zaidi, haipiti kwa urahisi kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa anayemuuguza, ila ile inayoingia mapafuni. Ndugu zetu wa Lushoto, ambako tauni ilionekana tangu mwaka 1980, wanayajua haya kwa msiba. Kwa hiyo macho ya Ibn Hajar hayakudanganya. Kosa liko katika kupanua: kutoka katika maradhi aliyoyaona hadi maradhi yote, na kutoka katika kutoambukiza kwa mguso hadi kutoambukiza kwa namna yoyote.

Lakini tazama mizani aliyoitumia. Amekubali kwamba katika jambo hili hisia na uzoefu ni hakimu. Basi mizani hiyo hiyo, ikiletewa ugonjwa ambao matabibu wa mashariki na magharibi, Waislamu na wasio Waislamu, wameona kwa macho na vipimo kuwa unapita kwa pumzi, itatoa hukumu nyingine. Na kabla yake walikuwepo walioona hivyo hata juu ya tauni. Lisanuddin Ibnul Khatib wa Granada (aliyefariki 776 H) aliandika kuwa kuambukiza kumethibiti kwa uzoefu na hisia, na kwamba dalili ya nassi ikionekana kugongana na hisia, haina budi kufasiriwa. Hatusemi tumfuate katika kila alichosema. Tunasema mlango haukuwa umefungwa, sisi ndio tuliousukuma.

Tauni si kila waba

Jambo la pili tuliloliacha ni la mlango wa pili. Ibn Hajar anashikilia kwa nguvu kwamba tauni ni mahsusi na waba ni jina la jumla: kila tauni ni waba, wala si kila waba ni tauni. Hoja yake ni kuwa Madina imehifadhiwa na tauni kwa hadithi sahihi, hali yakuwa waba wa homa uliwapata Masahaba walipohamia huko. Na chanzo cha tauni kwake ni kuchomwa na majini, kwa hadithi ya Abu Musa (r.a.) iliyo kwa Imam Ahmad. Sisi hatuna ugomvi na elimu ya ghaibu, maana sababu ya ghaibu haibatilishi sababu ya dhahiri. Ila kwa mpaka aliouweka mwenyewe, korona ni waba. Basi vipi uzoefu wake wa tauni ukahamishiwa kwenye korona bila hata kusimama mlangoni kuuliza?

Barakoa, safu na mwenye madhara

Katika furu tutapita haraka, kwani mambo yake ni mepesi kuliko kelele zilizopigwa. Abu Dawud na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) katazo la mtu kuziba mdomo wake katika sala. Imam Nawawi katika *Majmu* amebainisha kuwa ni karaha ya tanzihi, haizuii kusihi kwa sala. Na karaha huondoka kwa haja. Ama sijda, kilicho wajibu kwa kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ni paji la uso. Pua ni sunna. Basi barakoa haikumharibia mtu sijda yake. Kuachiana nafasi katika safu ni kuacha sunna tukufu ya kuziba mianya, na sunna huachwa kwa udhuru pasipo kubatilika sala.

Na mwenye dalili za ugonjwa kubaki nyumbani kuna asili yake. Mtume (s.a.w.) amemzuia aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti kwa sababu ya harufu tu, na wapo wanazuoni waliomuunganisha naye kila mwenye kuwaudhi watu, hata mwenye ukoma. Katika *Muwatta* imo habari ya Sayyidna Umar (r.a.) kumwambia mwanamke mwenye ukoma aliyekuwa akitufu kwamba akae nyumbani kwake asiwaudhi watu, naye akakaa, hata baada ya Umar kufariki hakutoka. Kwa hiyo Saudia iliposimamisha umra kwa wageni tarehe 27 Februari 2020, na hija ya 1441 H ikafanywa na watu wapatao elfu moja tu waliokuwa ndani ya nchi, waliosema kuwa haijapata kutokea mgonjwa kuzuiwa na Nyumba Tukufu walisahau mama huyu.

Ziwani na safarini

Ujiji ni mji wa safari. Tangu misafara ya karne ya kumi na tisa, familia zetu ziko pande zote za ziwa: Kalemie, Uvira, Rumonge, Bujumbura. Machi 2020 serikali yetu iliweka karantini ya siku 14 kwa wanaoingia, ikaiondoa Mei mwaka huo huo. Kongo nayo ilifunga mipaka yake kwa abiria. Tuliulizwa na ndugu mmoja mwenye boti, aliyefiwa na mama yake ng'ambo: je, avuke? Katika *Fathul Bari* Ibn Hajar amepambanua kati ya anayetoka kwa kukimbia tu, anayetoka kwa haja tu, na anayechanganya nia. Wa kwanza amekatazwa, wa pili hana neno. Tulimjibu kwa fasili hii, tukadhani tumemaliza.

Hatukumaliza. Katika hekima za katazo la kutoka, wanazuoni wametaja kwamba wazima wakitoka, wagonjwa watakosa wa kuwauguza na wa kuwazika. Leo tunaongeza sisi: anayetoka huenda amebeba asichokijua, akawapelekea wasiomkosea. Nia yake ni njema, na madhara ni madhara. Kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana inamhusu hata mwenye nia njema.

Na tusijifanye kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kipindupindu kiliwapata maelfu, wakafa watu wapatao thelathini. MV Liemba ilikuwa ikiwachukua kwa zamu hadi Kigoma, wakipokelewa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Wakati ule tulichemsha maji, tukanawa kwa sabuni, tukawatenga wagonjwa. Hatukusikia mimbari hata moja ikisema kuchemsha maji ni udhaifu wa tawakkul. Kilichobadilika mwaka 2020 si fiqhi. Fiqhi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba jambo liligeuka kuwa la pande, kila upande ukatafuta hadithi ya kujikinga nayo.

Tuliyoyasema mimbarini

Takwimu za mwisho zilizotolewa nchini mwaka ule zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, kisha takwimu zikasimama. Mwanzoni mwa 2021 watu walikuwa wakizikwa, na jina lililotumika ni changamoto ya upumuaji. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, na hapo ndimi zikalegea. Hatuandiki haya kumhukumu kiongozi, aliye hai au aliyetangulia. Hesabu yao iko kwa Allah. Tunaandika juu ya hesabu yetu.

Katika msikiti tunaosalisha alikuwepo mzee mmoja, muadhini wa miaka mingi, ambaye alikuwa akisimama safu ya kwanza nyuma yetu. Siku moja alikuja amevaa barakoa ya kitenge aliyoshonewa na binti yake. Tulimwambia mbele ya watu: "Mzee wetu, kuziba mdomo katika sala ni makuruhu." Akaivua, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema: "Haya, Sheikh. Wewe ndiye mwenye elimu." Baada ya wiki chache alianza kukohoa, kisha pumzi ikawa nzito. Tulimzika kabla ya Ramadhani. Allah amrehemu na amuandikie ujira wa mashahidi.

Hatusemi kwamba kitambaa kile kingemrefushia umri, kwani ajali haitangulii wala haichelewi. Lakini tulimwambia neno moja katika masuala yenye maneno matatu. Tulimtajia karaha, hatukumtajia kuwa ni ya tanzihi, wala kuwa huondoka kwa haja. Yeye aliivua kwa kuiheshimu elimu, nasi elimu hatukuiheshimu. Tumekwenda kwa binti yake tukamtaka radhi. Alisema amesamehe. Lililobaki ni kati yetu na Allah.

Khatima

*Badhlul Maun* ni kitabu kikubwa, na tunamshauri kila imamu akisome chote. Ndani yake atajifunza subira ya baba aliyewazika wanawe, uaminifu wa mtu aliyeandika kilichotokea Cairo japo kiliumiza, na adabu ya kuileta hoja ya mpinzani ikiwa kamili kabla ya kuijibu. Atakuta pia kosa la mwanachuoni aliyejitahidi, ambaye kwa rehma za Allah ana ujira wake mmoja. Sisi tuliokata ukurasa mmoja tukaubandika mimbarini hatuwezi kudai ujira huo, kwa sababu hatukujitahidi.

Maradhi mengine yatakuja. Marburg ilifika Kagera mwaka 2023, ikarudi mwaka 2025, na Ebola imekuwa ikizuka mara kwa mara ng'ambo ya ziwa letu. Siku hiyo imamu akiulizwa, aanze kwa kuuliza: ugonjwa huu unapitaje? Awaulize wanaojua, kama alivyosema Subki. Kisha ndipo afungue kitabu, na akifungue chote.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.